Mganga Hajigangi: Afya ya Muuguzi Akiwa Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama, Bura)



Halmashauri iliponiandikia barua ilinitaka niseme juu ya afya. Katika mikutano ya namna hii afya imesemwa mara nyingi: vyoo, maji ya kuchemsha, vyandarua, chanjo za watoto. Maneno hayo ni ya kweli, wala hayachakai. Lakini leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya yule anayetufundisha mambo hayo. Nataka kuuliza swali moja: muuguzi anayetuhimiza tujikinge, yeye mwenyewe hujikinga namna gani akiwa kazini?

Huenda mwanachama akasema, "Hilo ni shauri la Serikali na la wauguzi wenyewe. Chama cha ustawi kinaingiaje?" Jibu langu ni hili. Wauguzi wa Wesu, wa Mwatate, wa Taveta na wa hospitali ya rufaa ya Voi, pamoja na wale wa zahanati zilizotawanyika huku milimani na kule nyikani, ni binti zetu na wana wetu. Wengi wao walisomeshwa kwa michango ya jamaa, kwa mbuzi aliyeuzwa na kwa shamba lililokodishwa. Muuguzi akipatwa na maradhi kazini, nyumba nzima hutikisika. Na zahanati yenye muuguzi mmoja hufunga mlango siku hiyo hiyo. Tena maradhi aliyoyapokea kwa mgonjwa wa kwanza aweza kumpa mgonjwa wa pili kabla hajajitambua. Kwa hiyo afya yake si shauri lake peke yake.

Wazee walisema, mganga hajigangi. Kwa upande wa tiba methali hii ni ya kweli, kwa kuwa mtu hawezi kujipasua mwenyewe wala kujizalisha. Lakini kwa upande wa kinga yaweza kutupotosha. Hapana mtu awezaye kunawa mikono kwa niaba ya mwenzake, wala kuvaa glavu kwa niaba yake. Katika jambo la kinga, mganga asipojiganga, hana wa kumganga.

Kujua na Kutenda

Watu wengi hudhani kwamba mwenye elimu ya maradhi hana haja ya kuonywa. Lau mambo yangekuwa hivyo, hotuba hii isingekuwa na kazi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya usafi wa mikono ya watumishi wa afya, likiwa limekusanya uchunguzi wa hospitali nyingi. Ilionekana kwamba, kwa wastani, katika kila mara 10 ambazo mtumishi alipaswa kusafisha mikono, alifanya hivyo kiasi cha mara 4 tu. Nyingi za hospitali hizo zilikuwa katika nchi tajiri, zenye mabomba na sabuni. Watumishi wake walikuwa wamesoma na kufaulu mitihani. Yaliyowapungukia hayakuwa maarifa.

Jambo jingine lililoonekana ni la kutia fikira. Mtumishi wa afya hunawa zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla ya kumgusa. Mkono uliokwisha kushika damu au usaha humtia mtu hofu, naye hukimbilia maji. Lakini mkono unaokwenda kumshika mtoto mchanga hauna alama ya uchafu, kwa hiyo hupita bila kunawa. Hofu humkumbusha mtu kujilinda nafsi yake, bali desturi njema ndiyo imkumbushayo kumlinda mwenzake. Muuguzi anahitaji zote mbili.

Habari hizi si mpya. Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya Vienna, daktari aitwaye Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Madaktari hao walikuwa wakitoka kuchunguza maiti, kisha wakaingia katika wodi ya wazazi. Aliwaamuru waoshe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa akina mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu. Hata hivyo wakubwa wengi wa taaluma yake hawakukubali. Iliwawia vigumu kusadiki kwamba mkono wa mtu mwenye elimu ungeweza kuleta mauti.

Mafunzo ya Jirani Zetu

Tuache Ulaya, tuje katika bara letu. Mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku kaskazini mwa Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, palikuwa na hospitali ya misheni iliyopendwa sana na watu. Masista waliofanya kazi pale hawakukosa huruma wala bidii. Walichokosa ni sindano. Kila asubuhi zilitolewa bomba 5 za sindano kwa wagonjwa wa nje, nazo zikasuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipoingia, ulipita katika sindano zile. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Katika watumishi 17 wa hospitali, walikufa 11, na milango ya hospitali ikafungwa. Hapa Bura, ambako misheni imefanya kazi tangu karne ya kumi na tisa, habari hii yatupasa kuisikia kwa heshima na kwa makini. Upendo mkubwa haukuweza kushika nafasi ya sindano safi.

Nchini mwetu, mwezi wa Januari mwaka 1980, mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi magharibi ya Kenya aliletwa Nairobi akitoka damu. Aliugua maradhi ya Marburg, nduguye Ebola, na hapakuwa na mtu aliyeyatambua saa ile. Daktari Shem Musoke, aliyejitahidi kumwokoa, aliambukizwa, akaugua sana, kisha kwa bahati njema akapona. Funzo lake ni jepesi kulieleza: mgonjwa haji na jina la ugonjwa limeandikwa kwenye paji la uso. Kwa sababu hiyo muuguzi hawezi kungoja ajue ni ugonjwa gani ndipo ajikinge. Damu ya kila mtu, tajiri kwa maskini, jirani kwa mgeni, ishikwe kwa glavu.

Habari ya tatu ni ya Uganda, nayo ndiyo yenye uchungu zaidi. Mwaka 2000 Ebola ilizuka Gulu. Daktari Matthew Lukwiya, msimamizi wa hospitali ya Lacor, ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuutambua ugonjwa. Alisoma miongozo, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, akawafundisha wauguzi wake namna ya kuvaa nguo za kinga. Wauguzi walipoanza kufa, wengine wakataka kuondoka, naye akawasihi na kubaki pamoja nao. Usiku mmoja wa Novemba aliitwa kumsaidia muuguzi aliyekuwa akitapika na kutoka damu kwa wingi. Alivaa glavu, barakoa na joho, lakini macho yake hayakufunikwa. Inaaminika kwamba ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Katika hospitali ile walikufa watumishi zaidi ya 10, na katika mlipuko mzima watu 224.

Hapakuwa na mtu pale aliyejua zaidi kuliko yeye. Basi tusiseme kwamba muuguzi aliyeambukizwa ni mjinga au mzembe. Usiku ni mrefu, mwili huchoka, na mgonjwa anayelia hamwachi mtu mwenye moyo ahesabu vifaa vyake. Ndiyo maana siku hizi, katika wodi za maradhi kama hayo, watumishi huvaa wawili wawili, na kila mmoja humkagua mwenzake kabla ya kuingia. Mtu hawezi kuyaona macho yake mwenyewe.

Hesabu ya Mikono

Mabibi na mabwana, maradhi ya namna ya Ebola ni nadra. Tuje kwenye kazi ya kila siku, nami nawaomba mnifuate katika hesabu ndogo.

Tuseme muuguzi mmoja wa zahanati anahudumia wagonjwa 40 kwa siku. Tuseme kila mgonjwa anamtaka anawe mara mbili: kabla ya kumgusa, na tena baada ya sindano au kidonda chake. Hizo ni mara 80. Kunawa sawasawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Tukichukua sekunde 40, jumla ni sekunde 3,200, yaani dakika 53. Tukikadiria nusu lita ya maji kwa kila mara, ni lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20.

Sasa tazameni jambo hili. Muuguzi huyo anadaiwa karibu saa nzima ya kunawa tu, na huku foleni imefika nje ya ua. Anadaiwa madumu mawili kwa mikono yake peke yake, kabla ya kusafisha sakafu, vyombo na chumba cha kuzalia. Huku milimani, ambako vijito vyashuka na wazee wetu walichimba mifereji, mtu aweza kuona hayo ni madogo. Lakini shukeni hadi nyikani, upande wa Maktau na Voi, ambako shida ya maji ni ya miaka mingi, mwulize mama anayebeba dumu kichwani madumu mawili ni nini.

Iko njia ya kupunguza deni hilo. Spiriti ya kupaka mikono huchukua sekunde 20 hadi 30 tu, wala haitaki maji. Hospitali yenye mfamasia yaweza kuitengeneza yenyewe kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Hutiwa glisarini kidogo ili ngozi isipasuke. Lakini mikono yenye damu au uchafu unaoonekana haisafiki kwa spiriti. Yataka maji na sabuni. Wala glavu haziondoi wajibu wa kunawa. Muuguzi aliyevaa glavu zile zile akamhudumia huyu na yule amejilinda nafsi yake, na huku amewaambukiza wote wawili.

Sindano na Chanjo

Hatari ya pili ni kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika. Katika taarifa yake ya mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba, katika watumishi wa afya milioni 35 duniani, kiasi cha milioni 3 walikuwa wakijeruhiwa kila mwaka kwa vitu vyenye ncha vilivyoguswa na damu ya wagonjwa.

Watu wengi huogopa virusi vya ukimwi kuliko yote. Kwa hakika, mtumishi achomwapo na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi hivyo, hatari ya kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B ndiyo yenye hatari kubwa zaidi: kwa mtu asiyechanjwa, hatari huwa kati ya 6 na 30 katika 100, kwa kutegemea hali ya mgonjwa. Na maradhi hayo yana chanjo. Hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo muuguzi aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Anaweza kuwa amewachanja watoto wa tarafa nzima, naye mwenyewe hajachanjwa.

Akichomwa, afanye nini? Aoshe mahali pale kwa maji na sabuni, bila kukamua. Atoe habari mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianzwe mapema, kwa saa na si kwa siku, wala zisipite saa 72. Nazo hunywewa kwa siku 28. Lakini wako wauguzi wanyamazao. Huogopa kulaumiwa, huogopa wenzao watasema nini, huogopa kupimwa mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Siri hiyo ni sumu. Mkubwa wa wodi apokeaye habari ya namna hii kwa matusi amewafundisha wengine wote kunyamaza. Wala tusiwasahau wafagiaji, ambao hawakufundishwa chochote, na ndio wanaochomwa na sindano iliyotupwa ovyo katika taka.

Hewa, Mgongo na Shinikizo la Damu

Kifua kikuu chaenea kwa hewa. Kinga yake iliyo rahisi kupita zote ni dirisha lililo wazi. Lakini huku kwetu milimani ukungu huingia asubuhi, mgonjwa hujifunika blanketi mbili na kuomba dirisha lifungwe, na muuguzi mwenye huruma hulifunga. Afadhali blanketi ya tatu kuliko dirisha lililofungwa. Na mwenye kukohoa apewe barakoa, ahudumiwe kwanza, asikae saa tatu katika foleni katikati ya watoto.

Kisha yako maradhi ambayo hayatoki kwa mgonjwa, bali hutoka katika kazi yenyewe. Mgongo huharibika kwa kumwinua peke yake mtu mzito. Muuguzi hupima shinikizo la damu la watu 40, asipime lake. Huwahimiza akina mama waende kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, naye mwaka umepita hajapata nafasi. Nawauliza wauguzi mliomo humu ukumbini, wala msinijibu kwa sauti: ni lini mara ya mwisho ulipokaa kwenye kiti cha mgonjwa?

Wajibu ni wa Nani?

Bwana Mwenyekiti, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inagawa wajibu pande mbili. Mwajiri apaswa kutoa vifaa vya kinga. Mfanyakazi apaswa kuvitumia. Na tangu mwaka 2013 zahanati na hospitali zetu ziko chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo mwenye kuulizwa hayuko mbali Nairobi.

Korona ilipoingia Kenya, mwezi wa Machi mwaka 2020, tulijionea wenyewe kwamba mambo haya yawezekana. Kila duka liliweka ndoo na sabuni mlangoni. Barakoa ambazo hazikuonekana zikaonekana. Lakini hata wakati huo wauguzi wengi nchini walilalamika kwamba vifaa havitoshi, na mwisho wa mwaka ule waligoma, vifaa vya kinga na bima vikiwa miongoni mwa madai yao. Kisha hofu ilipopungua, ndoo zilikauka. Desturi iliyojengwa juu ya hofu peke yake huondoka pamoja na hofu.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mapendekezo manne, mkiona yafaa.

La kwanza, wajumbe wetu walio katika kamati za zahanati waulize katika kila mkutano maswali matatu: je, yako maji mahali muuguzi anapofanyia kazi? Iko sabuni au spiriti? Liko sanduku gumu la kutupia sindano? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu na kupelekwa kwa wakubwa wa afya wa kaunti.

La pili, tunapochanga fedha za kumpeleka kijana chuo cha uuguzi, tuhesabu chanjo ya homa ya ini pamoja na karo na sare, na aimalize kabla hajaingia wodini. Ni gharama ndogo ukilinganisha na ini la mtoto wetu.

La tatu, zahanati za nyikani zifikiriwe kwanza katika miradi ya matangi ya maji ya mvua. Paa la mabati la zahanati lisilo na mfereji wa kukinga mvua ni mali inayomwagika kila msimu.

La nne halitaki fedha. Muuguzi akivaa glavu kabla ya kutugusa, tusikasirike na kusema ametuona wachafu. Akisimama kunawa wakati foleni ni ndefu, tusipige kelele kwamba anachelewesha watu. Na akisahau, tumkumbushe kwa adabu: "Dada, tafadhali, maji yale pale." Neno hilo lisihesabiwe kuwa ni ujuvi. Ni ulinzi wake na wetu.

Husemwa kwamba miche ya kahawa ya kwanza katika nchi hii ilipandwa hapa Bura na mapadre mwaka 1893. Mpanda kahawa yeyote anajua kwamba mche mwema haustawi kwa wema wake peke yake. Wataka maji na mtu wa kuutazama. Elimu ya wauguzi wetu ni mche mwema. Mikono ni yao, lakini maji ni yetu sote.